Mabibo ya Mwezi wa Sita

Mwezi wa sita ukifika Lisekese, hakuna anayehitaji jogoo. Watu wanaamshwa na mashine za kupulizia salfa. Ngurumo huanza gizani, huku na kule mashambani, na mpaka jua linachomoza kijiji kizima kinanuka salfa. Ndiyo kazi ya msimu huo. Mikorosho imetoa maua, na maua yasipopata dawa, ugonjwa wa ubwiri unga unayamaliza.

Yunusi na mkewe Sijaona wana mikorosho themanini. Watu huwaita Baba Faidha na Mama Faidha, kwa jina la binti yao. Mihogo na mbaazi wanalima kwa ajili ya kula. Lakini korosho ndizo zinazowavusha mwaka: ada, mavazi, matibabu, bati la nyumba. Maua yakiharibika, mwaka wao wote umeharibika.

Asubuhi hiyo walipuliza mikorosho arobaini. Yunusi alibeba mashine mgongoni. Sijaona alimjazia salfa. Walikuwa wamebakiza nusu ya shamba kwa ajili ya kesho yake. Walirudi nyumbani, wakanawa, wakakaa kunywa chai.

Simu ya Yunusi ikalia. Sadallah, kijana wa bodaboda, alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti ya mzee. Alizungumza Kimakua safi, taratibu, kwa heshima zote.

"Ndugu zangu," ilisema sauti, "salfa ya mwaka huu si salfa. Ni sumu. Imeletwa kukausha mikorosho yetu. Wenzetu wamekwisha. Tazameni picha hii. Mtumieni kila mwenye mikorosho, kabla ujumbe huu haujafutwa!"

Chini yake palikuwa na picha. Mkorosho mkubwa ulikuwa umekauka majani. Mwanamume alisimama chini yake, ameshika kichwa.

Yunusi aliruka kutoka kwenye kigoda. "Mama Faidha! Umeona? Tumejiua wenyewe!"

"Nani anasema?" Sijaona aliuliza.

"Husikii? Mtu wetu huyu. Kimakua gani hicho! Mtu wa mbali hawezi kusema hivyo."

Chai yake ilipoa. Kabla hajaigusa tena, alikuwa amekwisha kuutuma ujumbe ule kwenye kundi la Wasapu la wakulima. Kundi lina watu mia moja na kumi na sita. Mungu amsamehe, alitumia sekunde tatu tu.

Kufika mchana, kundi lilichemka. Mmoja alisema macho yake yamewasha tangu juzi. Mwingine alisema mbuzi wake amekohoa. Jirani yao Charles hakusubiri mtu. Alichukua mifuko yake yote ya salfa na kuimwaga kwenye shimo la choo cha zamani. Kisha akaandika kwenye kundi: "Mimi nimemaliza. Nyinyi mnangoja nini?" Wengine wakakubaliana kwamba keshokutwa, saa kumi jioni, watakutana nyuma ya ghala. Watachimba shimo na kuzika salfa yote.

Siku mbili mashine hazikunguruma. Kijiji kilikuwa kimya kiasi cha kuogopesha.

Siku ya tatu asubuhi Sijaona alikwenda shambani kuchuma kisamvu. Akapita katikati ya mikorosho, akasimama. Maua ya upande waliopuliza yalikuwa mazuri, ya kijani na waridi. Maua ya upande ambao hawakupuliza yalikuwa yameanza kuwa meupe, kana kwamba mtu ameyanyunyizia sembe. Ubwiri unga! Aliacha kisamvu palepale akapiga simu.

Aliyempigia ni Oliva, bibi shamba wa kata yao. Kazi yake ni kuwashauri wakulima. Alifika na pikipiki yake kabla ya saa nane, buti zote zikiwa vumbi.

"Shikamoo Baba Faidha."

"Marahaba, bibi shamba. Umekuja kuitetea sumu yenu?"

Oliva alicheka. "Sijaja kutetea. Nimekuja kuuliza. Nipe huo ujumbe niusikie."

Akausikiliza mpaka mwisho, mara mbili. "Mzee anaongea vizuri," alisema. "Jina lake nani?"

"Hakujitaja."

"Anatoka kijiji gani?"

"Hakusema. Lakini ni Mmakua, hilo lina shaka?"

"Halina. Mimi pia bibi yangu ni Mmakua, na ninaweza kukudanganya kwa Kimakua kitamu kuliko hicho. Lugha inakuonyesha kwamba mtu ni wa kwetu. Haikuonyeshi kwamba anachosema ni kweli. Nani alikutumia?"

"Sadallah."

"Mpigie. Weka sauti kubwa tusikie wote."

Sadallah alipokea akiwa barabarani. Alisema yeye alitumiwa na shemeji yake wa Newala. Akaombwa amuulize shemeji. Baada ya dakika kumi alipiga tena, anacheka mpaka maneno hayatoki.

"Kaka Yunusi! Shemeji anasema aliutoa kwenye kundi la kamati ya harusi! Aliyeuweka pale hajulikani. Wanadhani ni mpiga picha!"

Sijaona alijishika mbavu. Yunusi hakucheka. Alikuwa amewatumia majirani zake neno la mtu asiye na jina, kutoka kwenye harusi asiyoijua.

"Lakini picha?" alisema. "Picha nayo inadanganya? Mti si huo umekauka?"

"Nyinyi ndio wenye mikorosho," Oliva alijibu. "Itazameni. Msitazame yule mtu anayelia. Tazameni mti."

Sijaona aliichukua simu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza huku, akaisogeza kule. Ghafla alipiga kelele.

"Baba Faidha! Mabibo!"

"Mabibo gani?"

"Mti umejaa mabibo! Mekundu, yameiva, mengine yameanguka chini! Huu ni mwezi gani?"

Yunusi aliikwapua simu. Kweli. Kati ya majani makavu mabibo yalionekana wazi, na korosho zake zikining'inia. Mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, huiva kuanzia mwezi wa tisa. Salfa ya mwaka huu ilikuwa imepulizwa mwezi huu wa sita. Picha ile haikuwa ya mwaka huu hata kidogo! Siku tatu nzima wakulima mia moja na kumi na sita, waliozaliwa katikati ya mikorosho, walikuwa wameitazama na hakuna aliyeona.

"Tuliona kilio tu," Sijaona alisema.

"Ndivyo inavyofanywa," Oliva alisema. "Unatishwa, unaambiwa harakisha, unaacha kutazama. Na humo ndani wanatia chembe ya kweli. Salfa kweli inawasha macho na kifua. Ndiyo maana nawaambia mfunge pua, mvae miwani, mpulize alfajiri, wala si juani. Lakini kuwasha macho si kukausha mti."

"Nani alianzisha? Wanunuzi? Wenye maduka?"

"Sijui. Na sitabuni jina, Baba Faidha. Nikibuni, nitakuwa nimefanya kama yeye. Na mimi usiniamini hivihivi. Simu ya kituo cha utafiti wa korosho hii hapa."

Yunusi alipiga mwenyewe. Mtaalamu alimwambia salfa imepimwa na hawajapokea taarifa ya mti hata mmoja kukauka. Kisha Yunusi akatazama saa. Saa tisa na nusu! Alirukia nyuma ya pikipiki ya Oliva bila kuvaa viatu.

Nyuma ya ghala shimo lilikuwa limefika kiunoni. Mifuko ya salfa ilipangwa pembeni. Watu wawili walikuwa wameshika mfuko wa kwanza, wanaubembeza ili waurushe.

"Acheni!" Yunusi alipaza sauti. "Jamani, acheni! Ule ujumbe niliwatumia mimi, na ni uongo!"

"Umenunuliwa!" mtu alimkemea.

"Nimenunuliwa na nani, miguu peku hivi? Toeni simu zenu! Tazameni picha. Nani hapa ana bibo bivu shambani mwake leo? Mmoja tu! Alete nilile hapahapa, mbele yenu!"

Watu walitoa simu. Wakakuza picha. Kikatoka kicheko cha kwanza, kisha makelele. "Mabibo kweli!" "Tumelogwa!" Mifuko ikawekwa chini.

"Na msiniamini kwa maneno," Yunusi aliendelea. "Shamba langu lile pale. Nusu nimepuliza, nusu sijapuliza. Twendeni!"

Wakaenda wote, wengine wakikimbia. Wakapita katikati ya mikorosho, wakishika maua ya upande huu na ya upande ule. Hapakuwa na haja ya hotuba.

Jioni hiyo Yunusi alirekodi sauti yake kwa Kimakua. Alisema: "Mimi ni Yunusi, Baba Faidha, wa Lisekese. Niliwatumia uongo bila kuuliza. Naomba radhi. Shamba langu ni hili, njooni mjionee." Akautuma ujumbe huo kwenye kundi na kwa Sadallah, ili aufikishe mpaka kwenye ile kamati ya harusi. Alfajiri yake mashine zilinguruma kila upande, na Sijaona akapiga vigelegele uani peke yake.

Kwa Charles tu hazikunguruma. Hakuwa na salfa. Majirani walimchangia kila mmoja kidogo, na asubuhi tatu mfululizo Yunusi alipuliza mikorosho ya Charles kabla ya kumalizia yake. Sehemu kubwa ya maua iliokolewa. Mengine yalikuwa yamekwisha kuwa meusi na kuanguka.

Mwezi wa kumi mikorosho ya kijiji ilizaa vizuri sana. Kwa Yunusi magunia yalipanga foleni barazani. Charles, ambaye yake yalikuwa machache, alipita hapo, akayatazama, akaketi.

"Baba Faidha," alisema bila hasira, "ujumbe wa kwanza niliupata kwako. Wa pili pia niliupata kwako. Tofauti yake siku tatu tu."

Yunusi alisema, "Lawama ya siku tatu hizo ni yangu."

Alifuta kiganja chake kwenye gunia la karibu, kisha akampa mwenzake mkono. Tangu msimu huo ujumbe wa kutisha ukimfikia, Yunusi huuliza nani, wapi na lini. Asipopata jibu, unafia palepale mkononi mwake.