Mawe ya Mboje Barabarani

Wana Tarime wenzangu, sikilizeni yaliyompata Mboje, na mtu asije akasema sikumwambia.

Asubuhi ile nyumbani kwake Matongo kulikuwa shwari. Domitila, mkewe, alimpikia uji wa ulezi, wakapakia viroba vya mawe ya dhahabu kwenye tela la pikapu na kuondoka kwenda kuyasaga. Mboje, Msukuma aliyeletwa huku na uchimbaji, aliimba njia nzima.

Kwenye barabara kuu ya Sirari tairi la tela likapasuka. Tela likayumba, likataka kuwapindua. Mboje hakukanyaga breki. Alikaza usukani kwa mikono miwili, akaondoa mguu kwenye mafuta taratibu, wakaingia pembeni salama. Hapo nampa heko.

Lakini viroba vitatu vilikuwa vimeanguka na kupasukia katikati ya lami, na wapita njia walishaanza kuokota mawe.

"Baba Teddy, acha! Tuweke kwanza matawi, magari yaone!" Domitila alimvuta shati.

"Niache! Miezi mitatu nimo shimoni, halafu wale wachukue bure?"

Akachomoa spana ya magurudumu, akakimbilia barabarani. Akampiga nayo mkononi mama mmoja aliyekuwa akiokota, Verdiana. Domitila alisikia mfupa wa mkono ukivunjika.

"Mura, kijana wewe, umempiga dada yangu?" Nyangwine, nduguye Verdiana, alimvamia, akamponda mdomo kwa jiwe. Mboje akatema meno mawili. Wakakabana makoo palepale kwenye lami, damu zikiwatoka, hakuna anayetazama njia.

Lori likatokea kwenye kona. Domitila alitupa matawi aliyokuwa anakata, akapunga kitenge, akapiga mayowe. Dereva alifunga breki, lakini matairi yaliteleza juu ya mawe yale. Lori likawazoa wote wawili.

Nyangwine alikufa papo hapo. Mboje alibanwa chini ya ekseli, miguu imesagika.

"Mama Teddy," alisema, "waangalie... wasichukue."

Hakumtaja mwanawe Teddy, wala hakumuaga mkewe. Akakata roho. Domitila alikaa kwenye lami karibu naye, huku watu wakiendelea kuokota.

FUNZO

Tairi halikumuua Mboje, tamaa ndiyo iliyomuua. Tairi likipasuka, shika usukani, usifunge breki ghafla, toka barabarani, weka alama mbali nyuma yako, na watu wako wakae mbali na lami. Mzigo ukimwagika, uache. Mawe yapo tele machimboni Nyakunguru. Teddy baba mwingine hana.