Sauti Iliyomjibu Mpelelezi

Jioni ile nilitoka dukani na mishumaa, maana umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Mama mkwe alikuwa kitandani akinisubiri. Kisukari kilikuwa kimempofusha, kwa hiyo kila nikishafunga saluni nilimsomea riwaya yake ya mauaji.

"Haya, mwanangu, anza," alisema. "Humo kila mtu mwongo. Najiona niko na ukoo wangu."

Nikacheka, nikafungua tulipoishia. Mwanamke kauawa, mpelelezi anawahoji majirani. Nikasoma swali lake:

"'Nani alikuwa naye mara ya mwisho?'"

"Mwenye nyumba."

Sauti ya kike. Nzito, kama ya mtu mwenye mchanga kinywani. Ilitoka nyuma ya ukuta, chumba cha jirani yetu, fundi cherehani.

Chumba kile kilikuwa kitupu. Mwenye nyumba wetu alituambia fundi karudi kwao bila kuaga. Kisha akapiga sakafu saruji mpya, akafunga mlango.

Nikamtazama Mama. Alinishika mkono, akanong'ona, "Ni yeye, fundi. Sauti yake naijua. Usiache... muulize."

Harufu ya saruji mbichi ikajaa chumbani. Nikasoma:

"'Alimfanya nini?'"

"Alinikaba."

Halafu kucha. Zilikwaruza taratibu, chini ya sakafu ya jirani.

Mlango wetu ukagongwa. Mwenye nyumba akaingia na tochi, hata hakungoja kukaribishwa.

"Mnaongea na nani?"

"Tunasoma kitabu tu, baba," Mama alijibu.

Alimulika kitabu, kisha uso wangu. Akasimama mlangoni, katuzibia njia.

"Soma nisikie."

Herufi zilikuwa zinacheza. Nilitamani kuruka ukurasa, lakini Mama alinibana mkono hadi ukaniuma. Nikasoma.

"'Mwili uko wapi?'"



Kisha, karibu kabisa na ukuta...

"Mwambie aje anitoe."

  Mwenye nyumba akageuka kama mtu anayevutwa nguo. Tulisikia funguo, tukasikia mlango wa jirani ukifunguka, kisha komeo likirudishwa kwa ndani. Kitu kizito kikaburutwa sakafuni.

Hakupiga kelele.

"Zima mshumaa," Mama alininong'oneza. Tulikaa tumekumbatiana mpaka kukapambazuka.

Asubuhi tuliwaita polisi, wakavunja mlango. Saruji ilikuwa imepasuka, vipande vimerukia juu, kama vilivyosukumwa kutoka chini. Fundi alikuwa humo shimoni, utepe wake wa kupimia nguo umezungushwa shingoni. Polisi waliendelea kuchimba hadi wakafika kwenye mwamba.

Mwenye nyumba hakuwemo. Tochi yake ilikuwa sakafuni, bado inawaka.

Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Na chumba kile hakina dirisha.