Mposaji Asiyemaliza Sentensi

Nzembi na Mukhwana walikutana soko la Kariobangi, kila mmoja ameshika upande wa gauni moja la mitumba, la njano.

"Chukua tu, siste," alisema Mukhwana, kijana mrefu, vidole vimejaa wino. "Mimi nilitaka kulichora, si kulivaa."

Nzembi alicheka mpaka muuzaji wa nguo naye akacheka. Mapenzi yakaanzia hapo.

Kazi ya Mukhwana ilikuwa kuchora katuni ya vichekesho iliyoonyeshwa kwenye runinga kila Jumapili jioni. Kila kipindi kilifunguka vilevile: kijana anapiga magoti mlangoni kumposa mpenziwe, na kabla hajamaliza sentensi, balaa. Mara amwagiwe maji ya kufulia kutoka ghorofani, mara mlango umwangukie. Msichana hubaki kinywa wazi, kavaa gauni la njano.

Mwanzoni Nzembi alifurahi kujiona humo. Miaka ikapita, Mukhwana asiseme lolote la ndoa. Wateja wa kibanda cha ushonaji cha Nzembi, mtaani Tassia, wakapata la kumtania: "Bibi harusi, jana aliangukiwa na nini?"

Siku moja uvumilivu ulimwishia. Akapiga simu.

"Mukhwana, umenifanya kichekesho cha Kenya nzima?"

"Ah, beib, ni mchezo tu."

"Mchezo kwako. Anayesimama mlangoni ni mimi!"

"Basi Jumapili hii tazama. Nimemchora yule kijana akimaliza sentensi."

"Unaniposa kwa runinga? Mama yangu kule Mwingi hata stima hana, seuze runinga!"

Nzembi akakata simu.

Jumapili majirani walipowasha runinga zao, Nzembi alikanyaga cherehani kwa hasira. Mukhwana akatokea mlangoni pa kibanda, amefunga vifungo vya shati kombo.

"Kipindi chako kimeanza," Nzembi alisema bila kuinua uso.

"Wacha kianze. Nzembi, mimi ni mwoga. Yule wa katuni akianguka kabla ya kuuliza, hakuna wa kumkataa. Nilijificha hapo. Utakubali nikuoe?"

Cherehani ikanyamaza. Nzembi aliinua uso, hasira bado haijamwisha.

"Kwetu Ukambani swali hilo huenda na mbuzi, kwa mama. Kisha mtu anangoja jibu."

"Nitangoja hadi lini?"

"Utangoja kama nilivyongoja mimi," alisema, na kwa mguu akamsogezea kigoda.