Picha Iliyotoka Nusu

Alhamisi, saa nane na dakika tano mchana, Meneja wa studio alirudi kutoka kwa daktari wa meno akakuta chumba cha kupigia picha kinanuka plastiki iliyoungua. Kamera mpya, ile isiyo na kioo ndani, ilikuwa imesimama kwenye stendi yake, imekufa. Juu yake ilipachikwa flashi kuukuu, nzito kama tofali. Kila mtu pale aliijua flashi ile, na mwenyewe alijulikana.

Sajini alifika Ijumaa saa tatu asubuhi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini, hana mtoto, na ile ilikuwa siku yake ya mapumziko. Wenzake kituoni waliicheka kesi ya kamera. Yeye aliiomba, maana hata kesi ya kuchekwa ni afadhali kuliko kushinda ukitazamana na ukuta.

Mapokezini alisimama mbele ya picha kubwa ya ukutani. Mume na mke vijana wamekaa kwenye viti viwili, mkono wa mume umelala juu ya egemeo la kiti cha mke.

"Wazazi wangu," Meneja alisema. "Mama alifariki mwaka juzi. Fundi, mpiga picha wetu wa zamani, ndiye aliyewapiga picha, kwa flashi hiyohiyo. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, Sajini!"

"Una hakika ni Fundi?"

"Flashi yake. Chumba anacholala kiko hapo uani, na funguo anazo. Tena Jumanne alisema mbele yetu sote, 'Kamera hiyo nayo ina siku zake.' Nataka ashtakiwe, na ahame."

Chini ya stendi Sajini aliokota kipande cha utepe mwekundu, kimekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe. Alikikunjua kwa kucha. Kiliandikwa kwa kalamu: ISIPANDE KAMERA MPYA. Akakitia kwenye bahasha pamoja na kadi ya kamera.

Chumba cha Fundi kilikuwa na kitanda kimoja, kikombe kimoja na kiti kimoja. Kiti alimpa mgeni wake, yeye akabaki wima.

"Shikamoo, Mzee. Utepe huu nani aliuandika?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi. Niliipima flashi ile kwa mita. Inarudisha volti zaidi ya mia mbili kwenye kamera. Kamera za zamani zilikuwa chuma na springi, zilivumilia. Hizi mpya ni kompyuta. Utapiga moja, utapiga ya pili, ya tatu mnakaa matanga."

"Jana kati ya saa saba na saa nane ulikuwa wapi?"

"Natembea."

"Na nani?"

"Nitembee na nani?"

Sajini alilielewa jibu hilo kuliko alivyopenda. "Mzee, mficha uchi hazai. Unakwenda kushtakiwa, unapoteza kazi na pa kulala. Kama una la kusema, sema."

"Sina." Alisema hivyo huku akitazama mlango, kama mtu anayemngoja mwenzake abishe hodi.

Mtu wa pili alikuwa mpiga picha mwanamke aliyeajiriwa pamoja na kamera ile, miezi minane nyuma. Mpaka leo waliendelea kumwita Mgeni.

"Fundi akifukuzwa, kazi yote inabaki kwako," Sajini alimwambia.

"Na nani atanifundisha? Ninachojua kuhusu mwanga kimetoka kwake. Mimi asubuhi niliwapiga picha watoto wakikimbia bustanini. Nikaiacha kamera kwenye kasi ya moja ya elfu ya sekunde, na shata ya kimya, isiyotoa mlio, nisiwashtue. Saa sita na nusu nikaenda kula na wifi yangu. Waulize mkahawani."

"Shata ikiwa ya kimya, flashi inawaka?"

"Thubutu! Mpaka uitoe kwenye menyu. Halafu ushushe kasi, iwe moja ya mia mbili au chini. Usiposhusha, picha inatoka nusu. Upande una mwanga, upande giza."

Mkahawani walithibitisha. Mgeni alikaa pale mpaka saa nane kasorobo, na wifi yake alicheka mpaka akamwaga chai.

Aliyebaki ni Mzee mwenye studio, baba yake Meneja, aliyeishi ghorofani juu ya duka.

"Nilikuwa nimelala," alisema. "Mimi ni mtu wa kaunta, Sajini. Miaka yote mimi kaunta, Fundi kamera." Alichukua karatasi ya biskuti mezani, akaikunja katikati, akaikunja tena.

"Unaamini ni yeye?"

Mzee aliikunja karatasi mara ya tatu, na ya nne. "Miaka thelathini na moja tuko pamoja. Lakini binadamu hubadilika."

Sajini aliliandika neno hilo, na moyo ukamwuma kwa ajili ya yule wa uani.

Jumamosi kituoni aliifungua kadi. Picha za Alhamisi mchana zilikuwa tano. Tatu za kwanza, kuanzia saa saba na dakika ishirini na mbili, zilikuwa giza tupu. Mbili za mwisho zilikuwa na mwanga upande mmoja tu, na zote kamera ilijipiga yenyewe baada ya kuhesabu sekunde kumi. Katika nusu iliyoangazwa kulikuwa na kiti kitupu. Juu ya egemeo lake, vidole vinne vilichomoza kutoka gizani.

Nyumbani kwa Sajini pia kulikuwa na viti viwili mezani. Kimoja alikitundikia nguo za kupiga pasi, kisionekane kitupu. Jioni ile alizitoa nguo, akakitazama, akazirudisha.

Jumatatu saa nne asubuhi aliwakusanya wote wanne mapokezini.

"Aliyefanya hili aliona flashi haiwaki, akaitafuta menyu mpaka akaitoa shata ya kimya," alisema. "Ila kasi hakuishusha. Fundi angeishusha hata usingizini. Mgeni vilevile. Huyu ni mtu aliyeona picha zikipigwa maisha yake yote bila kupiga hata moja. Na utepe aliukunja mara nne, kama karatasi ya biskuti."

Akaishikilia picha ya mwisho ya kadi, aliyoichapisha, chini ya picha ya ukutani. Meneja alivitazama vidole, akatazama ukutani, akavitazama tena.

"Baba?"

Mzee aliketi. "Alhamisi ilikuwa siku ya ndoa yetu. Nilitaka kukaa na mama yako katika mwanga uleule. Kamera ya zamani haina filamu. Utepe nikadhani ni ubishi wa Fundi tu, hapendi vipya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nimeunguza kamera nikipiga picha na kiti? Ungesema akili zimeniruka. Ungeniwekea mtu wa kunilinda."

"Ukamwacha Fundi aende jela?"

Fundi ndiye aliyesema.

"Nilifika mlangoni saa saba na nusu. Nikakuona umekaa naye. Nikarudi kinyumenyume nisikuaibishe. Nikasema, atasema mwenyewe. Nimekungoja siku nne. Ungeniomba tu, bwana. Nilikuwa hapo uani."

Mzee alianza kulia. Fundi hakumsogelea. Alivibeba viti viwili mpaka chumba cha picha, kimoja baada ya kingine, akamwambia Mgeni alete kamera yake mwenyewe na kifaa cha redio cha kuwashia flashi kwa mbali. Flashi aliiweka kwenye stendi yake peke yake, mbali, iwake kwa mawimbi bila kuigusa kamera. Kasi akaishusha mpaka moja ya mia na ishirini na tano.

"Kaa," alimwambia Mzee. "Mkono ushushe kidogo. Bado. Hapo. Ndivyo ulivyouweka siku ile."

Flashi iliwaka mara moja. Picha ilitoka nzima: Mzee, kiti, vidole, mwanga uleule.

Sajini aliifunga kesi kwa mistari miwili, hakuna wa kushtakiwa. Alipoinua macho, Fundi alikuwa amekwisha kuibandika flashi utepe mpya na kuitia mkobani, na begi la nguo lilikuwa mlangoni.

"Baba Mdogo, usiondoke," Meneja alimshika mkono. "Nimekosa mimi."

"Wewe ulikosea, mwanangu. Yeye alijua."

Akatoka. Sajini alikigeukia kile chumba cha picha amwambie Mzee amkimbilie rafiki yake. Mzee alikuwa bado amekaa, mkono umelala juu ya kiti, kama alivyoambiwa.