Popo wa Msimu Uliopita

Marehemu profesa alilala chali kati ya meza ya kupasulia popo na friza, miwani bado usoni, kioo kimoja kimepasuka. Damu ilikuwa imeganda kwenye pembe ya meza.

“Amekufa tangu jana jioni,” alisema daktari wa polisi. “Kisogo kimegonga pembe. Kifuani ana michubuko ya viganja. Huyu hakuteleza, alisukumwa.”

Aliyeikuta maiti asubuhi alikuwa mpwa wa marehemu, msaidizi wake wa utafiti. Alikaa kwenye benchi nje ya maabara pamoja na mama yake, dada wa profesa. Mama huyo alikuwa ameushika mkono wa mwanawe kama anayeogopa kuibiwa.

Inspekta alikuwa mwanamke mwenye kuchukia vitu viwili: harufu ya dawa za maabara, na watu wanaojibu kabla hawajaulizwa.

“Pole sana, kijana.”

“Asante, afande. Jana jioni mimi nilikuwa pangoni.”

Ikabidi arudi naye ndani, maiti ilipokwisha kuondolewa.

“Nani alikuona huko pangoni?”

“Ushahidi huu hapa.” Kijana alionyesha sanduku la barafu. “Popo dume. Nimewatega jana, nikalala huko, asubuhi nikaja nao.”

Popo wala matunda walikuwa wamejikunyata ndani ya mbawa zao, wagumu kwa baridi. Inspekta alivaa glavu, akawapanga kwenye sinia dirishani, juani. Akavuta kiti. Hakuwa na haraka.

“Mjomba wako alikuwa anachunguza nini hasa?”

“Korodani zao. Hubadilika na msimu.” Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitulia. “Mvua zikikaribia zinavimba, zinajaa mbegu. Ndio wakati wa kupandana. Kiangazi zinasinyaa, hata kuzitafuta ni kazi.”

“Kwa madume wote?”

“Wote wazima. Ukimpindua tu unajua ni msimu gani.”

“Na sasa?”

“Sasa ni katikati ya kiang…”

Barafu ilikuwa inayeyuka na mbawa zilianza kulegea. Inspekta alizifunua kwa ncha ya kalamu, popo mmoja baada ya mwingine. Hapakuhitajika msomi. Korodani zilikuwa zimetuna kama zabibu.

“Hawa wametegwa lini, mwanangu?”

“Msimu uliopita. Nimewatoa kwenye friza leo asubuhi, haikuwa na wengine.” Alijifuta uso kwa mkono wa shati. “Mwezi uliopita nilimpa mjomba wenzao, nikamwambia ni wapya. Sijakanyaga pangoni siku nyingi. Akawapasua, akaamini popo wamebadili msimu. Alifurahi, afande. Mzee mzima alicheza humu ndani. Alitaka kuutangazia ulimwengu. Nikaona ataadhirika, jana nikamwambia ukweli.”

“Akakugombeza?”

“Bora angenigombeza. Alisema twende wote pangoni, mimi nitangulie kuingia.”

“Na kwa hilo ukamsukuma?”

“Mdogo wangu alitumbukia mle. Kamba nilikuwa nimeishika mimi.” Kijana alitazama viganja vyake. “Mjomba akanikamata mikono, akasema pango halina kosa, lazima nizoee. Nilitaka aniachie, basi. Aniachie tu. Alipoanguka nikakimbia.”

Inspekta alimfunga pingu. Akachukua koti la kijana lililokuwa kitini, akalifunika juu ya mikono yake.

Nje, mama alisimama mara moja.

“Mmemaliza naye? Kaka yangu hakuacha mtoto. Huyu ndiye atakayeshuka kaburini kumpokea mjomba wake.” Akamgeukia Inspekta, akamweleza kwa upole. “Nimebaki naye peke yake, mama. Mdogo wake alishatutoka.”

Mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa.

“Na hili koti mbona umelibeba hivi?” mama akasema. “Litajikunja.”

Akalichukua ili amvalishe.