Harufu Katika Mashine ya Babu

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai wala kutafuta soksi zake, Mkaguzi alipiga hodi kwenye mlango wa chumba cha babu yake.

"Hodi! Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Bi Mkaguzi. Pita ndani, mtuhumiwa yuko tayari."

Mkaguzi halikuwa jina lake la darasani. Babu ndiye aliyempachika, kwa jinsi alivyoikagua mashine yake ya kupumulia bila kuruka hata kitu kimoja. Ilikuwa kisanduku cha kijivu chenye ukubwa wa redio ndogo, kikikaa juu ya stuli kando ya kitanda. Kilivuta hewa, kikaipitisha juu ya maji kidogo, kisha kikaisukuma kwenye mpira mrefu mpaka kwenye barakoa ambayo Babu aliivaa puani akienda kulala.

Babu alikuwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Kabla ya kupewa mashine alikuwa akikoroma mpaka dirisha linatetemeka, kisha ghafla kimya, pumzi imesimama, kisha anashtuka kama aliyemwagiwa maji. Mchana alisinzia kila alipokaa. Na kazi yake haikuwa ya kusinzia! Babu alikuwa fundi viatu, anashinda barazani na kisu cha kukatia ngozi mkononi.

Nesi wa kliniki alimfundisha Mkaguzi mwenyewe kuiosha mashine, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu. "Barakoa na kitangi cha maji uvioshe kila asubuhi, kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato. Mpira mara moja kwa wiki. Anika kivulini. Usitie dawa ya madoa wala marashi. Na kitu kikiharibika, kileteni hapa. Msikitengeneze nyumbani." Aliposema hilo la mwisho alimtazama Babu, maana alikuwa amemwuliza kazi yake.

Babu alicheka tu. Barazani kwake palikuwa na kibao kilichoandikwa HAPA KILA KITU KINATENGENEZEKA, na hakikuwa cha mapambo. Mbali na viatu, Babu alikuwa ameshaziba ndoo, mpira wa miguu, mwavuli na miwani ya jirani. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alipenda kusema, huku akipaka gundi.

Basi Jumanne moja Babu alitoka chumbani macho mekundu, anakohoa, ameshika kichwa.

"Mashine inanuka," alisema. "Imenichoma koo."

Mama yake Mkaguzi alikuwa dobi, akifua na kupiga pasi nguo za nyumba kumi na mbili. Aliweka pasi chini, akaingia chumbani, akainua barakoa na kuvuta pumzi mara moja tu. Uso ukambadilika.

"Dawa ya madoa!" alisema. "Mkaguzi, njoo hapa! Umeosha kifaa cha babu yako kwa dawa ya madoa?"

"Hapana, Mama. Nimeosha kwa sabuni ileile."

"Na ile chupa kando ya beseni?"

"Niliitumia jana kwa soksi zangu za shule. Beseni la soksi ni jingine. Mashine sikuitia."

"Pua yangu ina miaka kumi na minane kwenye dawa hizi. Itanidanganya? Ulitaka kumaliza haraka ukacheze. Afadhali ungekuwa mvivu tu, lakini mvivu na mwongo!"

Mkaguzi alimgeukia Babu. Babu alijua jinsi alivyokuwa akisugua, akisuuza na kuanika. Alimwona kila asubuhi kwa macho yake. Neno moja tu la Babu lingetosha. Lakini Babu alikuwa ameinamia ndara yake, anaikagua mkanda kama vile hajawahi kuona ndara.

"Kuanzia leo usiiguse mashine," Mama alisema. "Nitaosha mwenyewe."

Tazama dhuluma hiyo! Mtoto ameamka mapema miezi mitano mfululizo, hakuna aliyemsukuma, halafu anahukumiwa kwa kunusa mara moja. Mkaguzi alikwenda shule bila kunywa chai.

Darasani aliketi na msichana aliyeitwa Kifutio, kwa kuwa ugomvi wowote alitaka ufutwe upesi.

"Kubali tu yaishe," Kifutio alimshauri. "Ukiomba radhi, kesho watakuwa wamesahau."

"Nikubali kosa la nani?"

"La yeyote yule. Wakubwa hawapendi kubishiwa."

"Nikikubali, nitakuwa mwongo kweli," alisema Mkaguzi. "Sasa hivi naitwa mwongo bure. Wataka niwape na ushahidi?"

Kifutio alimpa nusu ya andazi lake, na Mkaguzi akalila kwa hasira.

Mama aliosha mashine Jumanne, akaosha Jumatano, akarudia tena jioni. Harufu ikabaki palepale. Mtu mwingine angejiuliza, lakini Mama alizidi kukasirika. "Umeitia nyingi mno, imezama ndani!" alisema. Mbaya zaidi, alipopeleka nguo kwa wateja wake aliwasimulia. Alhamisi Mkaguzi alipita mbele ya nyumba ya mwalimu mstaafu, ambaye Mama alimfulia mashuka, na mwalimu akatikisa kichwa. "Nimesikia, binti. Uongo si mzuri." Mkaguzi alitamani ardhi ipasuke. Akapita mbio bila hata kumwamkia.

Muda wote huo Babu alilala bila mashine. Alhamisi hiyohiyo, saa nane mchana, alisinzia barazani akiwa anapunguza soli, na kisu kikamkata kidole gumba cha kushoto. Mama alimfunga kitambaa huku analia. "Kesho kliniki," alisema, kisha akamtupia binti yake jicho. "Ona sasa!"

Hapo Mkaguzi akasema moyoni, basi. Aliposikia Mama ametoka kupeleka nguo, aliingia chumbani kwa Babu. Alikuwa amekatazwa kuigusa mashine, na hilo alilijua. Lakini mwalimu wa sayansi aliwafundisha kwamba taa ikikataa kuwaka, unachunguza kitu kimoja kimoja: betri, waya, kisha balbu. Alitenganisha vifaa. Kitangi alikiweka dirishani, barakoa mezani, mpira juu ya kitanda. Akatoka nje, akavuta hewa safi, akarudi.

Kitangi hakikuwa na harufu yoyote. Barakoa ilinukia sabuni kidogo. Mpira ulinuka! Tena si wote, bali upande unaoingia kwenye kisanduku. Mkaguzi aliupeleka kwenye mwanga. Chini ya pete ya mwisho, pale mpira unapochomekwa, aliona ufa uliozibwa kwa gundi ya rangi ya asali, imelainishwa vizuri kwa kidole. Juu ya gundi palikuwa na alama ya kidole gumba yenye mstari wa kovu uliokatisha katikati.

Kovu lile alilijua. Lilikuwa kwenye gumba la kulia la Babu tangu kabla Mkaguzi hajazaliwa. Na harufu ile aliijua pia. Ni gundi ya soli, iliyojaa nyumbani mwao kiasi kwamba hakuna tena aliyeisikia. Mama, aliyeshinda na dawa ya madoa kutwa, alisikia dawa ya madoa kila mahali.

Alitoka barazani na mpira mkononi. Babu aliuona, akaacha kushona.

"Babu, hii ni kazi ya nani?"

Babu alitazama barabarani. Wapita njia walikuwa wachache. "Jumatatu niliukanyaga ukapasuka," alisema polepole. "Nesi alinikataza kutengeneza. Nikasema nitaziba kabla hamjajua, gundi itakauka. Mimi fundi bwana, nitashindwa na mpira?"

"Na Jumanne Mama alivyonigombeza, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

"Ulimi ulikuwa mzito, mjukuu wangu. Mtu mzima kama mimi, niombe radhi mbele ya mwanangu? Nikasema itapita." Alipapasa mfuko wa ngozi uliokuwa pembeni. "Sikiliza. Kuna ngozi nzuri hapa nyekundu. Nitakushonea viatu, darasa zima hakuna atakayekuwa navyo. Haya mambo tuyaache baina yetu."

Mkaguzi alihisi uso ukimwaka moto. Machozi yalimtoka, lakini sauti haikutetemeka.

"Sitaki viatu! Nimeitwa mwongo siku tatu. Mwalimu mstaafu ananitikisia kichwa njiani. Wewe unajua ukweli, unaniona, unakaa kimya, halafu unanipa viatu? Mimi nikivunja kikombe mnaniambia nini? Sema ukweli, hutapigwa. Wewe nani angekupiga, Babu?"

Babu aliurudisha mfuko wa ngozi pembeni.

"Nakuheshimu," alisema Mkaguzi. "Kesho useme mwenyewe. Mimi sitakusemea, maana wewe ndiye babu yangu. Lakini nikiulizwa, sitasema kosa ni langu." Akarudisha mpira chumbani.

Ijumaa walikwenda kliniki watatu, kisanduku kikiwa mapajani mwa Mama. Chumba cha nesi kilikuwa na meza, mizani na feni ya darini. Mama hakungoja kuulizwa.

"Nesi, ni huyu binti yangu. Aliosha kwa dawa ya madoa, na hataki kukiri."

Nesi alimtazama Mkaguzi kwa huzuni. "Wewe niliyekuamini? Kwa nini ulitia dawa?"

"Sikutia," alisema Mkaguzi.

"Unamsikia?" Mama aliruka. "Mbele yako bado anabisha!"

Mkaguzi alimtazama Babu. Babu alikuwa anaitazama feni. Feni ilizunguka, ikazunguka. Mkaguzi aliinamisha kichwa, akaanza kufunga na kufungua kifungo cha mkono wa sare yake. Alikuwa ameahidi hatamsemea mtu, na sasa ahadi ilimuuma kuliko kashfa.

"Mwacheni," Babu alisema.

Wote wakageuka. Babu alikuwa amesimama.

"Mwacheni mtoto. Dawa ya madoa haipo. Ni gundi ya soli. Mpira niliupasua mimi, nikauziba mimi, na siku tatu nimemwacha mjukuu wangu atukanwe kwa ajili yangu. Yeye aligundua jana. Alinipa nafasi niseme mwenyewe, na hata hapa nilitaka kuipoteza."

Nesi alichukua mpira, akanusa, akaupeleka mbali na pua upesi. "Mzee! Gundi hii ina kemikali kali, na mashine inakusukumia hewa yake puani usiku kucha. Kifaa kipya kinaweza kunuka plastiki kidogo, ukikianika harufu inaisha. Lakini harufu kali inayochoma koo ni ya kuletwa hapa siku ileile. Huivumilii, huifichi kwa marashi, wala hukai siku tatu bila mashine. Ona kidole chako." Alitoa mpira mpya kabatini na kuutupa ule wa zamani.

Mama alikaa kama aliyenyang'anywa kiti. Kisha alimvuta binti yake karibu. "Nisamehe, mwanangu. Niliiamini pua yangu kuliko wewe. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza, na sikukuuliza hata mara mbili."

"Umenisema kwa watu, Mama," alisema Mkaguzi. Hasira ilikuwa haijaisha, naye hakuificha.

Mama aliitikia kwa kichwa. "Basi kwa watu haohao nitarudi."

Jumamosi mchana walipita nyumba kwa nyumba. Mama alibeba furushi la nguo zilizopigwa pasi, Mkaguzi kando yake, na Babu nyuma na mfuko wake wa ngozi begani, akitembea polepole. Kila mlango Mama alisema, "Nilimsema vibaya binti yangu. Hakudanganya." Kwa mwalimu mstaafu walifika mwisho.

"Kumbe!" alisema mwalimu. "Sasa kosa lilikuwa la nani?"

"Langu," Babu alijibu, akavua kofia. "Siku zote nasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Safari hii nimeziba ufa, na ukuta nikaujenga vilevile, kati yangu na mjukuu wangu. Ufa wa mpira ungezibwa kliniki. Ule wa kwangu ulitaka neno moja tu, ni mimi, na nikaliona zito. Mtoto akikosea tunamdai ukweli. Tukikosea sisi tunajipa ruhusa ya kunyamaza, halafu tunashangaa watoto wanajifunza wapi uongo. Ukweli hauna mkubwa wala mdogo, mwalimu. Huyu ndiye aliyenifundisha."

Mwalimu alimnyoshea Mkaguzi mkono kama anavyomnyoshea mtu mzima. "Binti, nami nilikutikisia kichwa bila kukuuliza. Niwie radhi."

Mkaguzi aliupokea mkono ule. Njiani kurudi alimbebea Babu mfuko wake ili aache kuinama upande mmoja.

Jumatatu asubuhi alipiga hodi kama kawaida. Babu alikuwa amelala vizuri, macho meupe, uso umetulia. Mkaguzi alikagua barakoa, kitangi, mpira mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Kuna lolote la kusema, Babu?"

"Hakuna, Bi Mkaguzi." Babu akajikuna kichwa. "Isipokuwa nimemwaga maji ya kitangi kwenye godoro. Ni mimi. Paka hahusiki."