Kandida Aliyewaachia Ndege Mpunga

Mwezi wa Mei mwaka 1996, ndege wa mpunga walijaa kijijini Mngeta hata jua likawa linaomba njia. Ukibisha, njoo nikuonyeshe kivuli chao. Bado kipo.

Kandida alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kuamia ndege. Alipiga debe na kupiga kelele. Mumewe, Fulgensi, alikuwa upande wa pili na kombeo. Chini, mama mkwe, Bibi Emerensiana, alikoroga uji.

Mbwa wao aliitwa Mkaguzi, kwa sababu alikagua vyungu vya majirani wote. Siku hiyo hakukagua kitu. Alikataa chakula. Udenda ulimtoka. Kandida aliposhuka, mbwa alimng'ata mguuni bila hata kubweka. Akamng'ata na nguruwe aliyefungwa nyuma ya kibanda, kisha akapotelea mpungani. Fulgensi alikuja mbio.

"Kidonda kidogo hicho," alisema Bibi Emerensiana. "Fulgensi, mtafute huyo mbwa. Nyoa nywele zake tuzichome. Majivu yake ndiyo dawa. Baba yako aling'atwa, nikampaka, akapona."

"Sasa mbona alikufa, mama?" aliuliza Kandida.

"Aliuawa na kiboko. Miaka kumi baadaye!"

"Basi mbwa yule hakuwa na kichaa. Huyu wetu anacho."

Wakati huo Osward, bwana mifugo, alikuwa anapita na baiskeli. Alisikia zogo, akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwambie mkamwana wangu aache ubishi."

Osward aliutazama mguu. Hakucheka.

"Bibi, kwenye udenda wa mbwa mwenye kichaa kuna kirusi. Ni kidudu kidogo sana, macho hayakioni. Juu ya mwili wake kina miiba ya protini. Unazijua mbegu za kishonanguo?"

"Nani asiyezijua? Zinang'ang'ania kanga."

"Miiba hiyo nayo inang'ang'ania mshipa wa fahamu. Kirusi kikishanasa, mshipa wenyewe unakivuta ndani. Kisha kinapanda ndani ya mshipa, polepole, mpaka kwenye ubongo. Huchukua wiki, hata miezi. Mbwa akikung'ata usoni, safari ni fupi zaidi."

"Kikifika?" aliuliza Kandida.

"Kinaingia katika chembe za ubongo, kinazaana humo. Chembe hazibomoki kama nyumba. Zipo, ila zinatuma habari za ovyo. Mtu anataka maji, koo linakaza. Anaogopa hata upepo. Hapo hakuna dawa, dada. Tunakiwahi kikiwa bado mguuni."

"Tunakiwahi vipi?"

"Osha sasa hivi. Sabuni na maji mengi, robo saa nzima. Usipake majivu wala tumbaku. Kisha nenda hospitali Ifakara ukachomwe sindano za chanjo. Ni tano, katika mwezi mmoja. Usiruke hata moja."

Fulgensi alirusha kombeo chini. "Mwezi mzima! Na ndege je? Mama Teddy, mikono yangu ni miwili. Ukiondoka, tutavuna mabua!"

"Basi vuneni mabua, baba Teddy. Mimi naenda."

"Kwa ruhusa ya nani?" aliuliza Bibi Emerensiana.

"Ya mguu wangu, mama." Kandida alishika sabuni. "Hatuna saa hapa. Wewe sali rozari, mimi naosha. Ukimaliza mafungu yote matano ndipo nitaacha. Na usiharakishe!"

Bibi alinuna, lakini rozari haikataliwi. Alisali. Kandida alisugua kidonda kwa povu, Osward akimmiminia maji, mpaka amina ya mwisho. Kisha alipanda baiskeli ya Osward hadi stesheni, akapata treni ya Ifakara.

Alikaa Lipangalala, pale pale Ifakara, kwa dada yake, Verediana. Alichomwa sindano ya kwanza siku ile ile. Fulgensi alituma ujumbe: "Mkaguzi amekufa. Ndege wamezidi. Rudi." Kandida alijibu: "Kama amekufa, ndiyo kwanza sirudi." Alimaliza sindano zote tano.

Aliporudi, robo ya mpunga ilikuwa tumboni mwa ndege. Bibi Emerensiana hakumsalimia siku mbili.

Wiki iliyofuata, nguruwe alianza kutoa udenda. Akatafuna kigingi chake. Akatetemeka, akaanguka, akafa. Osward aliamuru azikwe, na watu wa Mngeta, wanavyopenda kitimoto, hawakuonja hata sikio. Bibi alisimama kando ya shimo muda mrefu, akimtazama nguruwe, kisha mguu wa Kandida.

"Mbwa mmoja," alisema. "Siku moja."

Osward alipoitisha chanjo ya mbwa, Bibi alikuwa wa kwanza kufika. Alimfunga mbwa wake mpya kwa kanga, akamburuta kijiji kizima.

Jirani yao Ponsiano alikuwa kando, mbwa wake watatu wakizurura. "Shemeji!" alimwita Kandida. "Wewe ndiye uliyewalisha ndege shamba zima?"

"Robo tu, shemeji. Ulitaka niwanyime ndege, nilishe mchwa kaburini?"

Watu waliangua kicheko. Ponsiano alijikuna kichwa, akawatazama mbwa wake.

"Bibi Emerensiana," alisema taratibu, "hiyo kanga ukimaliza, naomba niazime."